Ngeli za Faida: Uainisho wa Mema Yaliyoletwa na Kafyu

Wanasarufi wa Kiswahili wamegombana miaka mingi juu ya namna ya kuzipanga nomino. Kundi la zamani hutazama umbo: neno limeanza na nini, m- au ki- au ma-. Kundi la baadaye hutazama upatanisho: neno likishaingia katika sentensi, linavuta nini nyuma yake. Kwa kundi la kwanza, kiboko na kikombe ni ndugu. Kwa kundi la pili, kiboko yuko pamoja na watu na wanyama wenziwe, kwa sababu kiboko amelala, si kimelala. Mgogoro huu haujapata kumnyima usingizi mtu yeyote nje ya chumba cha walimu, lakini ndio unaotufaa katika kazi iliyo mbele yetu, nayo ni kuainisha, katika jedwali la ngeli, faida ambazo watu wa Mombasa walizipata, bila kuzitafuta, tangu mgonjwa wa kwanza wa korona atangazwe Kenya tarehe 13 Machi 2020 mpaka kafyu ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021.

Kwa mujibu wa umbo, faida ni chochote kilichomfanya mtu aseme alhamdulillahi huku wenziwe wakilia. Hivyo ndivyo zilivyoainishwa faida za korona katika mawaidha, katika hotuba za wakubwa, na katika makundi ya WhatsApp ya familia, ile hifadhi ya nyaraka isiyo na mtunzaji: korona imetufunza kupendana, korona imeturudisha majumbani, tuma kwa watu kumi. Kwa mujibu wa upatanisho, ambao ndio mwongozo wa makala haya, faida haisomwi peke yake. Hutiwa katika sentensi nzima, pamoja na kodi ya nyumba, karo, na mke wa mtu, ndipo ionekane imevuta nini.

Utafiti hautoki nje ya Mombasa, na hata ungetaka usingeweza. Tarehe 8 Aprili 2020 kaunti yetu ilifungwa pamoja na Kilifi na Kwale, asiingie mtu wala asitoke, na sisi hatukufunguliwa mpaka Julai. Kwa ajili ya ulinganisho tu, itajwe kwamba wenzetu wa Nairobi waliripoti, kwa picha, kuuona Mlima Kenya, ulio zaidi ya kilomita 100 kutoka kwao, umesimama wazi nyuma ya majumba ya mji, hewa ilipotakata. Wapo waliobisha kwamba picha zile ni za kubuni, kwa hoja kwamba wamezaliwa Nairobi na hawajapata kuuona. Sisi tulitazama kusini tukaiona Likoni, tuliyokuwa tukiiona siku zote.

Tuanze na ngeli ya U-U, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote. Humo ndimo zilimo faida zisizohesabika: usingizi, utulivu, ukimya wa barabara baada ya magharibi. Lakini bwana wa ngeli hii ni udhuru. Najua wapo watakaosimama na kamusi kusema udhuru una wingi wake. Mwaka ule wingi haukuhitajika, mmoja ulitosha nchi nzima.

Kabla ya 2020, mtu wa Mombasa alikuwa na njia mbili tu za kukosa harusi ya binamu wa shemeji yake: awe nje ya nchi, au awe maiti. Kuugua hakukutosha, maana mgonjwa aliweza kuletwa kwa teksi akaketishwa karibu na feni. Na harusi si usiku mmoja. Kuna vugo, kuna nikahi, kuna kupamba, kuna masinia ya biriani yanayopita juu ya vichwa. Kwa kinamama kuna jambo la sare: madada wa bibi harusi huchagua kitambaa, kila wa ukoo akakinunua, akakipeleka kwa fundi, akakivaa kwa saa nne, kisha kikaningʼinia kabatini maisha yake yote yaliyobaki, kwa kuwa harusi ijayo ina sare yake. Ukiuliza faraghani, hakuna mwanamke anayeipenda sare. Ukiuliza mbele za watu, hakuna aliyewahi kuikataa.

Halafu Serikali ikapiga marufuku mikusanyiko. Nikahi ikafungwa sebuleni, akiwapo kadhi, walii, mashahidi wawili na kijana mmoja mwenye simu nzuri. Ndipo ikazaliwa sentensi ambayo kwa maoni yangu ndiyo kazi bora ya fasihi simulizi ya kipindi kile: "Tungependa sana kuwaalika, lakini mnaona wenyewe hali ilivyo." Nimemsikia mama wa bwana harusi akiisema sentensi hiyo, mkono kifuani, uso umekunjamana kwa majonzi, na mguu chini ya meza ukicheza chakacha. Upande wa pili wa simu nao ulijibu kwa majonzi yaleyale. Pande zote mbili zilikata simu zikiwa na nafuu ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja, na akiba iliyotosha kununulia kitanda.

Udhuru una spishi nyingine. Upo wa mgeni wa wiki tatu anayekuja kwa siku mbili. Upo wa mkopo, "biashara zimelala," ambao wenye biashara zilizoamka waliutumia vizuri zaidi. Upo wa kumpa mkono mtu usiyetaka kumpa mkono, ambapo kiwiko kilitosha. Zote hizi zina sifa moja: aliyekataa hakukataa yeye. Alikataa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, kila alasiri kwenye televisheni, na hakuna shangazi mwenye uwezo wa kumnunia waziri.

Sasa upatanisho. Udhuru uleule uliotuokoa harusini ulitufungia mlango wa matanga. Amri ilisema mazikoni wasizidi watu 15. Pwani hii, jeneza hutembea juu ya mabega ya watu wasiomjua maiti, kila mmoja akisogea kuchukua hatua zake chache za thawabu, na mfiwa hujua ukubwa wa alichopoteza kwa kutazama nyuma aone safu ilivyo ndefu. Mwaka ule waliozikwa walizikwa na safu fupi. Mjane aliketi eda bila majirani kujaa ukumbini, na hitma zikasomwa kila mtu kwake. Udhuru haukuuliza kama ni harusi au ni msiba. Ulipofunga, ulifunga vyote, na aliyefurahia cha kwanza alikatwa cha pili.

Baada ya hiyo kubwa huja ngeli ya KI-VI, ngeli ya vijifaida. Kielelezo safi ni ada ya M-Pesa. Katikati ya Machi 2020 Safaricom iliondoa ada kwa anayetuma shilingi 1,000 au chini, ili watu wapunguze kupokezana noti, na msamaha ukaendelea mpaka mwisho wa mwaka. Aliyetaka kutuma elfu tatu alituma elfu moja mara tatu, simu ya mpokeaji ikalia mara tatu, ikampa furaha tatu. Lakini tazama ilivyovuta: ile elfu moja iliyokuwa kikomo cha kutuma bure ikageuka polepole kuwa kikomo cha ukarimu. Mchango wa hospitali, elfu moja. Mchango wa harusi isiyo na wageni, elfu moja. Mchango wa mjomba aliyekwama Tanga mpaka wa nchi ulipofungwa, elfu moja, pamoja na ujumbe wa pole mrefu kuliko kawaida.

Humohumo imo nafasi ndani ya matatu. Gari la abiria 14 liliamriwa kubeba wanane, na abiria wa Mombasa akakaa bila kiwiko cha mtu ubavuni, jambo ambalo hakulijua tangu utotoni. Nauli ya wale sita waliokosekana ililipwa na wanane waliokuwapo.

Ngeli ya I-ZI ina kielelezo kimoja tu, barakoa, lakini ni kielelezo chenye mengi. Kwanza ilikuwa ya lazima, na adhabu ya kutoivaa ilitangazwa kuwa faini ya shilingi 20,000 au kifungo cha miezi sita, kiwango kilichofanya watu waiheshimu kuliko ugonjwa wenyewe. Kinamama wenye nikabu walilitazama taifa zima likijiunga nao, mawaziri na makonda kwa pamoja, na hawakusema neno. Mdaiwa alipita mbele ya duka la mdai wake kwa miguu yake mwenyewe, mchana. Waliopoteza meno ya mbele walipata mapumziko. Mafundi cherehani walikata barakoa kutoka kanga chakavu, na kwa kuwa mkasi haujui kusoma, kipande cha jina la kanga kiliangukia popote: nilisalimiana na mzee mmoja mtulivu, mtu wa dini, aliyekuwa na neno HAYANIHUSU mdomoni mwake tangu asubuhi, na hapana shaka halikuwa neno lake. Hasara ya barakoa inajulikana: mdai naye aliivaa, akakukaribia bila wewe kumtambua.

Kuhusu ngeli ya YA-YA, ngeli ya maji, mtafiti anatakiwa kuwa na uvumilivu. Tuliambiwa tunawe mikono kwa maji yanayotiririka, tena kwa sekunde 20. Kisiwa hiki hutegemea maji yanayosafiri mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima huko Tsavo, na mifereji mingi hutoa upepo kuliko maji, ndiyo maana mikokoteni ya mitungi haijawahi kukosa kazi. Lakini kweli ni kweli. Mwaka ule mitungi yenye bomba iliota mbele ya kila duka, benki na msikiti, na mtu wa njiani aliweza kunawa uso mjini bila kumwomba mtu. Huko Bungoma mtoto wa miaka tisa alitengeneza kwa mbao chombo cha kunawia kinachokanyagwa kwa mguu ili mikono isiguse bomba, na Juni 2020 akatunukiwa nishani na Rais. Hiyo naiweka katika jedwali bila mzaha wowote. Ni faida kwa umbo na kwa upatanisho.

Ngeli ya KU, ya vitenzi-jina, tuipite haraka kama wenyewe walivyoipita: kusoma, kufanya mazoezi, kuhifadhi juzuu mbili, kujifunza Kituruki kwa kutazama tamthilia. Faida hizi zilitangazwa sana Aprili, zikatajwatajwa Mei, na kufikia Agosti zilikuwa hazina msemaji. Kilichosalia ni picha za mkate wa sinia uliopikwa na wanaume. Mkate wa sinia unataka mchele uliolowekwa usiku, tui zito, hamira iliyo hai na mtu asiyefunua kifuniko kila dakika. Wa kwangu sitaueleza. Watoto waliupiga mateke ukutani, nao ukarudi.

Tumefika PA-KU-MU, ngeli ya mahali, na hapa itabidi tukae. Kila mwanafunzi hufundishwa kwamba pa ni mahali mahususi, ku ni mahali kwa jumla, na mu ni ndani. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri, na kwa amri hiyo moja wanaume wa mji huu walihamishwa kutoka ku hadi mu. (Siku hiyohiyo, kivukoni Likoni, polisi waliwapiga virungu na kuwatupia gesi ya machozi watu waliokuwa wakisubiri feri warudi makwao kabla ya saa kutimia. Watu hao walikuwa wakijaribu kuingia mu, na hawakuachiwa.)

Mwanaume wa Mji wa Kale, kwa desturi, ni kiumbe wa baraza. Huswali magharibi, huswali isha, kisha huketi na wenziwe penye dele la kahawa na kashata, wakaiongoza dunia mpaka saa nne. Nyumbani hufika kulala. Kiumbe huyu alipofungiwa ndani jioni nzima, alianza kufanya ugunduzi. Aligundua kwamba gesi huisha, na huisha katikati ya mapishi. Aligundua kwamba mwanawe wa kike, aliyemdhani yuko darasa la tano, yuko la saba. Aligundua kuna tamthilia inayotazamwa kila siku saa mbili na nusu, kwamba haina mwisho, na kwamba yeye hana haki ya rimoti.

Je, hii ni faida? Hapa ndipo shule ya umbo inapoanguka kifudifudi. Mume, alipoulizwa, aliiandika katika faida: "Nimeijua familia yangu." Mke, alipoulizwa kando, alivuta pumzi. Baraza lilikuwa limemchukulia mtu huyu kwa miaka 20, jioni baada ya jioni, bila malipo. Sasa yuko jikoni anafunua masufuria na kuuliza kwa nini chumvi inawekwa mwanzo. Nomino moja, sentensi mbili, upatanisho mbalimbali. Na zilikuwapo nyumba ambazo mu ilikuwa ndiyo hatari yenyewe. Aprili haijafika mbali, Jaji Mkuu David Maraga alitahadharisha kwamba makosa ya kingono yameongezeka, na kwamba baadhi ya watendao ni jamaa na watu wanaoishi na walioathirika. Nyumba hizo hazimo katika jedwali hili.

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili, misikiti imefungwa. Magharibi huku huadhiniwa saa kumi na mbili na ushei, na kafyu ni saa moja, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya kwenda kufuturu kwa mtu wala ya mtu kuja. Tarehe 6 Mei, katikati ya mfungo, Mji wa Kale ukafungwa wenyewe ndani ya mji uliofungwa. Tukawa mu ndani ya mu. Swala ya tarawehe, ambayo kwa umri wetu hatukuwahi kuiona ikiswaliwa penginepo ila msikitini kwa safu zinazomwagika mpaka nje, ikabidi iswaliwe sebuleni. Na sebuleni likazuka swali ambalo msikitini halina nafasi: nani asalishe?

Nimeiona hali hii kwa karibu. Watu wazima watano wamesimama juu ya mkeka, kila mmoja akimsukuma mwenziwe mbele kwa adabu. Mwenye nyumba anajua sura fupi zile za siku zote. Shemeji yake amesoma kitabu, lakini sauti imemtupa. Kwenye kona yuko mtoto wa miaka 12, anatoka madrasa tangu ana miaka mitano, ana juzuu kifuani ambazo hakuna mtu mzima pale aliye nazo. Kwa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi wa pwani hii, mtoto mwenye kupambanua anaweza kusalisha. Babu akasema, "Pita, mwanangu." Mtoto akapita. Kanzu ilikuwa ya mwaka juzi, inaishia juu ya vifundo. Alisoma polepole, bila kutetereka, na baba yake nyuma yake, mtu wa bandarini mwenye sauti ya kuita kreni, akaitikia amina kwa sauti ndogo ambayo sikuwa najua anayo. Baada ya siku chache hakuna aliyekuwa akimsukuma mwenziwe. Walikuwa wakimsubiri imamu amalize maji yake.

Mtafiti hana mzaha wa kuongeza hapo. Ana ukweli mmoja wa kiserikali: Julai nyumba za ibada zilipofunguliwa, ziliruhusiwa kupokea waumini wasiozidi 100, kwa saa moja, wenye umri wa kuanzia miaka 13 hadi 58. Yule imamu akabaki nyumbani kwa kuwa mdogo mno, pamoja na babu yake kwa kuwa mkubwa mno, na nyuma yao wakabaki wazee kadhaa wa mtaa, ambao kwa miaka mingi walijitangazia miaka 70 ili wapishwe viti na sasa waliapa mlangoni kwamba hawajafika 58.

Imebaki ngeli ya A-WA, ngeli ya wenye roho, nayo ina kielelezo kimoja ambacho kinaitingisha kazi yote hii. Jirani yangu alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufuoni, upande wa kaskazini. Wageni walipokoma kuja, wafanyakazi waliambiwa wasubiri nyumbani, bila mshahara. Mkewe akawa anakaanga viazi karai, yeye akawa anaviuza dirishani alasiri kabla ya kafyu, ukwaju katika kijikopo. Nilimwendea na daftari, nikamuuliza faida aliyoiona.

"Faida, mwalimu? Andika hivi. Nikitoka kazini usiku binti yangu amelala, nikiondoka alfajiri amelala. Alikuwa akiniona mchana siku ya mapumziko anakimbilia kwa mamake. Sasa ananidai peremende mbele za watu, na nisipompa ananitukana."

Nikaandika. Akanitazama nikiandika.

"Na andika ya pili. Peremende zenyewe sina pesa ya kununua."

Kwa umbo, hiyo ni faida kubwa kuliko zote zilizotajwa humu. Kwa upatanisho, ilivuta mshahara mzima. Nilirudi nyumbani nikaisoma upya ngeli ya U-U, yote ile ya usingizi na utulivu na udhuru, nikaona kwamba karibu kila mmoja wa watoa habari wangu alikuwa na hundi iliyoingia mwisho wa mwezi, pamoja na mimi. Utulivu wa jioni tuliousifu ulikuwa ni sauti ya watu waliokosa cha kuuza. Sizifuti faida zile, zilikuwa faida. Nasema tu kwamba anayeziandika lazima aandike katika safu ya pili nani alizilipia, na mara nyingi jina la pili si jina la kwanza.

Jirani aliitwa tena kazini hoteli ilipofunguka, kwanza kwa nusu mshahara. Alikwenda siku ileile. Ada ya M-Pesa kwa elfu moja ilirudi mwanzoni mwa 2021. Bomba za mitungi ziling'oka moja moja, na mitungi yenyewe ikarudi kubebea maji. Baraza likawapokea watu wake, na kinamama wakabaki na rimoti zao. Kafyu ilipoondolewa Oktoba 2021, harusi zilizoahirishwa zilikuja kwa pamoja, na sare zikawa mbili kwa usiku mmoja, ya vugo na ya kupamba. Hiyo ndiyo hukumu yangu juu ya ngeli ya U-U: watu waliopata miezi 19 ya kujua kwamba ndoa hufungika bila masinia mia mbili walirudi kwenye masinia mia mbili mara tu waziri alipoacha kukataa kwa niaba yao.

Msomaji mwenye habari za familia yoyote, popote pwani hii, iliyofanya harusi ya watu 15 baada ya Oktoba 2021 kwa hiari yake, bila amri ya Serikali na bila ugomvi, tafadhali aniletee. Nafasi yake katika jedwali bado iko wazi.